Bi Mkubwa wa Sebuleni

Mimi niliolewa mke wa pili, na mke mwenzangu alikuwa na matairi. Msicheke. Anayecheka aje akae miaka zaidi ya thelathini na mwanamume anayeamka alfajiri kwenda kumfuta mwingine uso kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, kisha arudi kukuuliza wewe chai iko wapi.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Kule gereji wenzake walimwita Breki, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupunguza mwendo kabla ya kila jambo: kabla ya kona, kabla ya kununua kiatu, kabla ya kujibu swali. Hasa kabla ya kujibu swali. Lori lake lilikuwa jekundu, na jina alilipa mwenyewe: Bi Mkubwa. Siku ya kwanza nimekaa mezani kwao, bibi harusi nimeinamisha macho, nikasikia Bi Mkubwa siku hizi anakohoa akipanda mlima. Nikajua ni mama mkwe. Nikasema kwa adabu zangu zote, "Jamani, kwa nini tusimpeleke hospitali?" Nyumba nzima ilicheka mpaka mama mkwe mwenyewe akashika mbavu. Mimi sikucheka, na tangu siku ile sikumpenda huyo Bi Mkubwa.

Kwa mwanamume yule nilitaka kitu kimoja tu, na wala si dhahabu. Nilitaka kupanda. Nikae kile kiti cha pembeni, juu kule, niione barabara anayoiona yeye, japo mara moja, japo mpaka kituo cha kwanza cha mafuta. Haikuwezekana. Madereva wa gereji yao walikuwa na mwiko wao: mke wa ndoa hapandi gari la kazi. Akipanda, walisema, anafunga njia. Tairi litapasuka, mzigo utazuiwa, mtalala porini. Nikamuuliza mume wangu, "Na asiyekuwa mke wa ndoa?" Akapunguza mwendo, akachukua kofia yake, akatoka.

Wala sikuuliza bure. Mimi ni fundi cherehani. Mshono wa mtu naujua kama wengine wanavyojua sura. Siku moja nilimpelekea chakula gereji, mlango wa lori uko wazi, nikachungulia. Kwenye kiti cha pembeni palikuwa na mto mdogo wa kijani, umedariziwa ua la manjano kwa mkono, uzi umekazwa vizuri, pindo limefichwa kitaalamu. Haukuwa mkono wangu. Na utingo wake alikuwa jibaba la miraba minne, hakuwa mtu wa kukalia ua. Nikaweka chakula, nikaenda zangu. Safari iliyofuata mto haukuwepo. Nikasema moyoni, haya, yameisha. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa.

Kampuni ilipouza malori yake, Bi Mkubwa alikuwa mzee, akaenda kukatwa chuma chakavu. Usiku ule mume wangu hakugusa chakula. Mimi nilikula changu, nikala na chake. Nilijisemea: sasa nimebaki peke yangu uwanjani.

Thubutu! Haukupita muda, kitindamimba wangu, binti ambaye ni fundi wa kompyuta huko mjini, akamhurumia babake. Akaleta kompyuta ya zamani aliyoinunua ofisi moja ilipokuwa inabadilisha vifaa, na usukani wa mchezo wenye pedali zake. Ndani yake mchezo wa kuendesha malori: unapakia mzigo, unasafiri, unashusha. Na wapi palipowekwa hiyo kompyuta? Juu ya meza yangu ya cherehani! Cherehani yangu ikahamishiwa chumbani karibu na kabati, mimi nashona nimebana viwiko. Mzee akapewa nafasi ya kuchagua rangi ya lori. Mnaijua rangi aliyochagua.

Basi Bi Mkubwa akafufuka sebuleni kwangu. Zamani walau alikuwa analala nje. Sasa nikiamka namkuta ananguruma, nikirudi sokoni namkuta ananguruma. Nikimwambia mume wangu bomba la jikoni linavuja, ananijibu, "Ngoja nishushe mzigo." Mzigo gani? Hata kijiko hakuna anayekishusha! Na ndani ya ule mchezo, ukigeuza kamera kidogo, kiti cha pembeni kinaonekana. Kitupu. Kila nikipita na ufagio nilikitazama kile kiti, na moyo ukinichoma vilevile kama siku ya mto.

Sasa sikilizeni. Siku moja kompyuta ikawaka, ikaonyesha rangi ya buluu na maandishi, ikazima. Ikawashwa, ikafanya vilevile. Mzee akaipiga kofi la upole kama anavyopigwa ng'ombe aliyelala. Wapi. Binti akaja, akafungua, akatikisa kichwa: Windows imeharibika, na kila kitu cha mchezo kilichokuwemo kimekwenda nayo. Lori jekundu limepotea.

Nilikwenda jikoni nikafunga mlango, nikacheza. Ndiyo, nilicheza, na mwiko mkononi.

Siku zile kompyuta ikiwa imekufa nilimpata mume wangu mzima mzima. Tulikaa wote barazani. Nilimletea chai, akanywa. Nikamsimulia habari za mteja aliyekataa gauni kwa kuwa amenenepa, akasema, "Mm." Nikamuuliza ananiona nimependeza na kitambaa changu kipya, akasema, "Mm." Macho yake yalikuwa barabarani, anahesabu gia za magari ya watu. Mwili wake nilikuwa nao, mwenyewe hakuwepo. Lo! Kumbe unaweza kumwonea mtu wivu hata amekaa pembeni yako.

Mwishoni mwa wiki binti akaja na flashi mfukoni.

"Mama, Windows mpya haibebeki na mashine hii. Ni nzito mno. Nitaweka Linux."

"Ndiyo nani huyo?"

"Ni mfumo mwingine, mama. Mwepesi, na ni wa bure."

"Cha bure kina kasoro," nikasema, na niliomba kwa dhati kasoro ipatikane.

Na kweli ilipatikana! Alichomeka flashi, akafuta yaliyokuwemo, mistari ikajaa kioo kizima, akaambiwa imekamilika, aiwashe upya. Akaiwasha upya. Giza tupu. Kioo cheusi, taa ndogo tu ya pembeni inapepesa. Mimi niko mlangoni, natia uzi kwenye sindano ambayo ilikuwa na uzi tayari.

"Ni kadi ya picha," binti akasema. "Haijaelewana na mfumo."

"Basi iache, mwanangu, usijichoshe."

Hakuniacha nifurahi. Akaiwasha tena, safari hii akaikatiza mwanzoni kabisa, akaongeza neno moja mwishoni mwa mstari mrefu, la kuiambia isijitie ujuzi wa picha mpaka iwe imeamka. Picha ikaja, kubwa na ya ovyo, lakini ikaja. Akaunganisha simu yake kwa waya ili ipate mtandao, akashusha draiva, programu ya kuiongoza ile kadi, akaiwasha mara nyingine, na kioo kikatulia kikang'aa. Mzee akapiga makofi. Mimi nikajichoma na sindano.

"Haya, bado mchezo," binti akasema. "Baba, mchezo wako umetengenezwa kwa ajili ya Windows. Huku haujui lugha. Lazima tuuwekee mkalimani katikati, kila unachosema, mkalimani aieleze Linux."

"Mkalimani akikosea?" nikauliza kwa haraka.

"Mchezo haufunguki."

Mungu ni mwema: haukufunguka. Ulijitokeza kidogo, ukafunga. Ukajitokeza, ukafunga, kama mtu anayechungulia mgeni asiyemtaka. Binti hakubabaika. Aliufungulia kwenye kile kidirisha cheusi cha maandishi, ambapo mchezo hauna budi kusema unachoumwa, akasoma malalamiko yake mstari kwa mstari. Faili moja halikuwemo. Akaliongeza. Mchezo ukafunguka, lakini maandishi yote yamekuwa visanduku vitupu, hujui pa kuanzia wala pa kutokea. Akaongeza herufi zilizokosekana. Na hapo, salaale, nikausikia. Ule mngurumo. Mume wangu alijinyoosha kwenye kiti mpaka mgongo ukalia, macho yakarudi nyumbani kutoka yalikokuwa yamehamia, na akacheka. Hakuwahi kunichekea mimi hivyo tangu kitindamimba azaliwe. Niliona wivu mpaka nikahisi ladha yake mdomoni. Chungu, kama umeng'ata ganda la limau.

Lakini ilibaki kasoro moja. Usukani ulisikia kushoto na kulia, pedali zilisikia mafuta na breki, ila vitufe vya kwenye usukani havikusikia chochote. Taa, waipa, indiketa, honi, vyote kimya.

"Mkalimani havijui hivi vitufe," binti akasema. "Nitavitafutia dawa, lakini kesho nina kazi. Kwa sasa baba tumia kibodi. L ni taa. P ni waipa. H ni honi." Akamwonyesha, akatubusu, akaondoka.

Sasa macho ya mume wangu ni ya dereva: ng'ombe aliye kilomita nzima mbele anamwona, herufi iliyo chini ya pua haioni. Siku iliyofuata, mchana kweupe, kwenye kioo giza likaingia. Akainama kuitafuta L. Alipoinua kichwa alikuwa mtaroni. Akaanza upya. Mvua. Akainama kuitafuta P, akaiona honi, akapiga honi, akaingia kwenye ukuta wa mtu. Mimi niko na ufagio wangu nyuma yake, nafagia mahali pamoja.

"Breki leo hana breki," nikasema.

Akaanza tena. Mtaroni tena. Akauachia usukani, akakaa akitazama mikono yake. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mama watoto, hebu njoo unishikie taa."

Nilisimama. Ufagio nao ukasimama. "Na mwiko? Mke wa ndoa hapandi gari la kazi."

Akapunguza mwendo. Niliona kabisa anapunguza. "Hili si gari la kazi," akasema. "Tumestaafu, mimi na gari."

Nilivuta kigoda changu cha cherehani nikakaa pembeni yake, upande wa kushoto, kibodi mapajani. Nikabonyeza L, na barabara ikafunguka mbele yetu, nyeupe, mistari inakuja, miti inapita. Ndipo nikaielewa hiyo barabara iliyoninyang'anya mtu. Ni nzuri, shenzi ile. Ni nzuri sana.

Tukawa tunasafiri kila siku. Kwa kuwa lori lake jekundu lilipotea na ile Windows, alianza upya kama dereva wa kuajiriwa, leo lori la buluu, kesho jeupe, yasiyo na jina. Hilo lilinipendeza kuliko yote. Vidole vyangu ni vya cherehani, havihitaji macho. Mvua ikianza, kabla hajasema, waipa zinacheza. Tukikaribia kona, indiketa. Na mume wangu akaanza kusema! Yule mtu wa "Mm" akaanza kunisimulia: pale mlimani aliteleza mwaka fulani, hapa alimkuta mwenzake amelala chini ya gari. Anasema akiangalia mbele, na mimi naangalia mbele. Nikagundua ndivyo anavyoweza. Ukimwekea uso wako mbele yake anafunga breki, ukikaa pembeni yake anakwenda.

Kwa hiyo nikauliza. Ilikuwa mchana, nguo za watu nimezianika nje, kwenye kioo usiku wa manane na mvua inamwagika. Tumebeba saruji.

"Ule mto wa kijani ulikuwa wa nani?"

"Mto gani?"

Hilo ndilo jibu lao wote, muwaulize leo muwaulize kesho. "Wa kijani. Ua la manjano. Kiti cha pembeni."

"Aa. Umekumbuka wapi hayo?"

"Sijawahi kusahau, kwa hiyo sikukumbuka."

Waipa zikaenda na kurudi. Nilidhani atasimamisha lori. Hakusimamisha.

"Wa mama mmoja," akasema, "muuza chai. Kule mpakani. Alikuwa akipanda kwenda kuchukua bidhaa zake."

"Akipanda mara moja?"

"Alikuwa akipanda."

"Pembeni yako. Hapa nilipokaa."

"Hapo."

"Palikuwa na jambo?"

Niliuona mguu wake ukitafuta breki. Ukaiacha.

"Palikuwa," akasema.

Nikazima taa.

Sikupanga. Kidole kilikwenda chenyewe. Barabara ikatoweka yote, mistari, miti, mvua, pakabaki mngurumo tu na kioo cheusi kama siku ile ya kadi ya picha. "Taa!" akapiga kelele. "Mama watoto, taa! Tuna kona!" Mimi nimeikumbatia kibodi kifuani. Tukasikia kishindo, kisha saruji ya watu ikimwagika, kisha kimya. Tulikuwa mtaroni, sebuleni kwetu, jua linawaka dirishani.

Iliniuma. Nisiwadanganye eti baada ya miaka yote hiyo mtu anakuwa mtu mzima. Iliniuma mbichi. Yule alikaa hapa akiwa kijana, upepo wa kweli unampiga usoni, na mimi nimekaa hapa na mvi zangu nabonyeza herufi. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia, "Yeye ulimpa barabara, mimi umenipa kioo." Na nikalia, kwa hasira, kile kilio kinachotoa na kamasi.

Mume wangu hakuchukua kofia. Alikaa mikono yote miwili usukanini, na gari limepinduka.

"Liliisha kabla kitindamimba hajazaliwa," akasema. "Mto niliutupa mwenyewe. Ungeuliza, ningekuambia."

"Ningekuuliza wapi? Ulikuwa njiani!"

Akasema taratibu, "Mama watoto, washa taa."

"Sijaamua."

"Haya," akasema. "Nitangoja."

Na alingoja kweli. Kibodi ilikuwa mapajani mwangu, angenyoosha mkono tu angeifikia. Hakunyoosha. Nilipangusa uso, nilikwenda nje nikaanua nguo za watu, nilizikunja moja moja, nikarudi. Nilimkuta yuko palepale gizani, ameshika usukani. Nikakaa, nikabonyeza L. Tukaulizwa kama tunataka kuvutwa na gari la msaada, tukakubali.

Mwishoni mwa wiki binti akaja amechangamka, anatembea kama mwenye zawadi.

"Baba, nimepata dawa ya vitufe! Ni faili dogo tu la kuutambulisha usukani. Nikimaliza, kila kitu utabonyeza mwenyewe hapo hapo usukanini. Mama naye apumzike arudi kwenye cherehani yake."

Nilikuwa nakata kitambaa. Mkasi ukasimama katikati. Nilimtazama mume wangu. Nilimjua: amepewa gari zima, lisilo na kasoro, la peke yake. Nani atalikataa?

Akapunguza mwendo. Kisha akageuka, akanitazama mimi. Miaka yote ya Bi Mkubwa hakuwahi kunitazama kabla ya kujibu jambo lolote la lori.

"Muulize mama yako," akasema.

"Mama?" binti akashangaa. "Mama anajua nini na vitufe?"

Niliuweka mkasi chini, nikavuta kigoda changu mpaka pembeni ya babake, nikakaa.

"Honi mpe," nikamwambia. "Waipa mpe, indiketa mpe, hata redio mpe. Taa niachie mimi."